Mrejesho: kifaa cha kutengenezea profaili ya printa ya picha

Wakuu, niliuliza kama kolorimita (kifaa cha kupima rangi) ya skrini inatosha kutengeneza profaili ya printa ya nyumbani, yaani faili linaloeleza printa inavyotoa rangi kwenye karatasi fulani, au lazima spektrofotomita, kifaa kinachoweza kupima rangi za karatasi pia. Ahsanteni sana kwa majibu.

Kolorimita haifai kabisa. Inasoma mwanga unaotoka kwenye skrini. Karatasi haina mwanga wake, hivyo kifaa lazima kiimulike chenyewe na kupima mwanga unaorudi. Nimechukua spektrofotomita ya ColorMunki Photo iliyokwishatumika: inapima skrini na karatasi, na ArgyllCMS, programu ya bure ya kutengeneza profaili, inaitambua. Amri zake ni nne: targen (kuchagua rangi za kupima), printtarg (kuandaa chati ya rangi hizo ya kuchapisha), chartread (kuipima chati), kisha colprof (kutengeneza profaili).

Penye mtego hasa ni kuchapisha chati. Zima usimamizi wa rangi (urekebishaji wa rangi) kwenye programu unayochapishia na kwenye draiva (programu inayoendesha printa) pia, la sivyo unapima rangi zilizokwisha kurekebishwa, na profaili yote ni bure. Andika pembeni ya chati aina ya karatasi na ubora uliochagua kwenye draiva, kwani profaili ni ya mchanganyiko huo tu. Ukibadili karatasi au wino, unaanza upya. Iache chati ikauke saa 24 kabla ya kuipima, maana wino mbichi bado unabadilika rangi.

Wakati wa kuchapisha picha, profaili ichaguliwe kwenye programu, na usimamizi wa rangi wa draiva ubaki umezimwa. Zikirekebisha zote mbili, ngozi za watu mara nyingi huegemea zambarau.

Na picha zikitoka na giza kuliko skrini, msiilaumu profaili: shusheni mwangaza wa skrini hadi kandela 80–120 kwa mita ya mraba.