Ruzuku ya shule za vijijini: tuendelee kuhesabu vichwa?

Chaki Nyeupe
Wakuu, tujadili hili bila jazba. Elimu bila ada ilipoanza hapa Tanzania Januari 2016, shule za msingi zilipangiwa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Katika hizo, 4,000 hubaki juu serikalini kwa ajili ya vitabu na 6,000 hushuka kwenye akaunti ya shule. Ukigawa kwa miezi 12 ni 500 kwa kichwa. Shule ya mjini yenye watoto 2,000 inapata milioni moja kwa mwezi. Ya kijijini yenye watoto 180 inapata 90,000. Halafu kikao cha tathmini kinaziweka kwenye jedwali moja la matokeo ya mtihani na kumuuliza mwalimu mkuu wa ile ya pili kwa nini kaburuza mkia.

Kuna gharama zisizojali idadi ya watoto. Ukihesabu na la awali, madarasa ni yale yale manane. Bodaboda ya kwenda benki haipungui bei kwa sababu shule yako ni ndogo. Nashauri kila shule iwekewe kima cha chini kwanza, ndipo vichwa vihesabiwe.

Hesabu Kali
Napinga. Hiyo milioni moja unaiona nono kwa sababu hujaingia choo chao. Kipimo ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Nusu kwa nusu, watoto 2,000 wanataka matundu 90. Nani anayazibua, na ankara ya maji nani analipa?

Pili, ukiweka kima kwa kila shule, kila kitongoji kitataka shikizi yake, yaani tawi dogo la shule, igeuzwe shule kamili. Kuhesabu vichwa kulituletea wanafunzi hewa, hadi 2016 ikabidi wahesabiwe upya nchi nzima. Hii yako italeta shule hewa.

Chaki Nyeupe
Mkuu, vyoo nakubali. Sasa tazama majaribio ya mwezi kwenye ile ya watoto 180. Tuseme darasa la saba wapo 14, la nne wapo 22. Masomo sita, kila karatasi kurasa nne, steshenari ya mjini shilingi 100 kwa ukurasa. La saba ni kurasa 336, yaani 33,600. La nne ni 528, yaani 52,800. Jumla 86,400. Katika ile 90,000 umebaki na 3,600, na hujanunua chaki wala hujapanda pikipiki kuzifuata karatasi zenyewe.

Kwa hiyo mwalimu anaandika mtihani ubaoni. Dakika 20 zinaishia kwenye kunakili, mchoro wa pembetatu unanakiliwa ukiwa mduara, na mtoto anajibu swali ambalo hakuulizwa. Fomu ya OMR, ile ya majibu inayosomwa na mashine, anakutana nayo siku ya mtihani wenyewe: anasiliba nje ya duara, au anaruka namba moja na majibu yote yanayofuata yanasogea. Huyo hakushindwa Hisabati.

Tena kwa watahiniwa 14, mtoto mmoja ni asilimia 7 ya ufaulu. Wawili wakiwa na malaria siku hiyo, shule "imeporomoka". Baraza la Mitihani, NECTA, lilipokuwa likipanga shule kwa ubora, zenye watahiniwa chini ya 40 zilikuwa na orodha yao. Tangu Januari 2023 limeacha kutangaza shule bora. Kwa nini halmashauri ziendelee kuzipanga?

Mama Ubao
Nyote mnabishana juu ya karatasi, mwalimu mmemsahau. Ikama, yaani idadi ya walimu inayotakiwa, ni mwalimu mmoja kwa watoto 45. Gawanya 180, unapata wanne. Wanne kwa madarasa manane, na mmoja wao ndiye mwalimu mkuu, anayeshinda vikaoni. Kichwa kile kile kinachopunja fedha kinapunja na walimu. Akiletwa wa ajira mpya, nyumba hakuna. Anasubiri cheki namba, ile ya kulipiwa mshahara, itoke, kisha anaanza kufuatilia uhamisho.

Dawa inayotajwa ni madarasa mchanganyiko: la tatu na la nne chumba kimoja, mwalimu mmoja. Inawezekana, ila kila kundi liwe na ubao wake, na kundi moja lipewe kazi ya kuandika kabla hujaanza kufundisha lingine. Wengi wanakwama hapo: wanafundisha la nne, la tatu linakaa tu. Mtaala mpya ulipoanza 2024 kwa la kwanza na la tatu, chumba kimoja kikawa na mihtasari miwili isiyooana.

Na kwa kuwa mtaala huo unaishia la sita, 2027 la sita na la saba wanamaliza pamoja. Hiyo 33,600 yako, Chaki, izidishe kwa mbili.

Kibaba
Nami niongeze uji, maana tumbo tupu halisomi. Gramu 120 za unga kwa mtoto kwa siku, mara siku 194 za masomo, ni kilo 23 na ushee: debe moja na robo hivi la mahindi kwa mwaka. Wengi wanakosea majira. Wanaitisha mahindi Januari shule zikifunguliwa, wakati ghala la mzazi limekauka. Itisheni wakati wa mavuno, kamati ya shule ipokee na ipime, si mwalimu. Sageni dona; ukikoboa, sehemu ya mahindi inabaki kinuni kama pumba. Na mzazi asiyeleta mahindi, mtoto wake asirudishwe nyumbani; mchango ni wa hiari.

Hesabu Kali
Haya, nalegeza kidogo. Kima cha chini kwa shule ambayo jirani yake wa karibu yuko zaidi ya kilomita 5, basi. Hapo hakuna atakayegawa shule mbili ili apate fungu. Tuseme halmashauri ina shule 90 na 20 zimefuzu: nyongeza ya 60,000 kwa mwezi ni 14,400,000 kwa mwaka. Itoke mapato ya ndani.

Chaki Nyeupe
Halmashauri ya kijijini mapato yake ni ushuru wa mazao, unaoingia msimu wa mavuno tu. Ukisema "kila mwezi" hutaiona nyongeza hiyo. Zitolewe kwa mkupuo Agosti, shule inunue rimu za mwaka mzima na wino wa kudurufia.

Mama Ubao
Sawa, karatasi mmezipata. Mwalimu wa tano yuko fungu gani?