Mafunzo ya vitendo wodini kwa wanafunzi wa udaktari: tupeane uzoefu

Mwanzisha mada: Habari zenu ndugu. Sisi tuliosomea udaktari Mwanza tunajua kwamba Kanda ya Ziwa haina uhaba wa wagonjwa wa kujifunzia. Kichocho, selimundu na malaria havikosekani wodini. Kinachokosekana ni mtu wa kusimama karibu na mwanafunzi anapompima mgonjwa, kwani raundi ya kundi kubwa huwafaa wawili watatu waliowahi kukisogelea kitanda. Naomba kila mmoja aeleze kilichomsaidia.

Mtarajali: Daktari bingwa wetu alikuwa akibaki na wanafunzi wawili baada ya raundi kwisha. Kwa wagonjwa wa visiwani na mwaloni (wanakoshushia samaki), ambao kichocho cha miaka mingi kimewaathiri ini hadi bandama ikakua kupita kiasi, alitutaka tuanzie chini ya tumbo upande wa kulia, kisha tuupandishe mkono taratibu kuelekea mbavu za kushoto kila mgonjwa anapovuta pumzi. Ukianzia juu, mkono unaweza kuwa tayari uko juu ya bandama yenyewe, ukautafuta ukingo wake usiupate. Nilikuwa nikikosea shinikizo la vidole, naye akanirekebisha palepale.

Muuguzi, wodi ya watoto: Watumieni wauguzi, jamani, wengi wenu mnaona haya kutuuliza. Damu ikionekana kwenye kanula (mrija mdogo wa plastiki wenye sindano ndani, unaoingizwa mshipani), laza sindano, ingiza kidogo, halafu sukuma plastiki peke yake. Hayo yaanzie kwenye mkono wa bandia, kwa sababu mtoto wa selimundu aliyekwishachomwa mara nyingi hana mshipa wa kumgawia anayejaribu.

Muuguzaji: Mimi si mtaalamu, nilikuwa namuuguza baba. Wanafunzi waliomwamkia shikamoo na kumwomba ruhusa aliwaachia wampime watakavyo. Waliofunua shuka bila neno aliwafukuza.

Mwaka wa nne: Katika hospitali moja niliyopangiwa, vitabu vyetu vya kuorodhesha mazoezi tuliyofanya wodini vilisainiwa kwa mkupuo siku ya mwisho, na aliyesaini hakuwahi kutuona tukifanya lolote. Mtihani wa vituo (OSCE, ambao mwanafunzi huhama kituo hadi kituo akifanya zoezi), ambao Ronald Harden wa Dundee na wenzake waliueleza mwaka 1975, humlazimu mtahini amtazame mwanafunzi akitenda. Nashauri saini nazo zifuate utaratibu huo: asaini aliyeona, siku hiyohiyo, na aandike sentensi moja ya kasoro aliyoiona. Je, kuna idara iliyokwishajaribu?