Mjadala: Mtaro wa kutoa maji mashambani ni wa nani, na nani alipie kuuzibua?

Mleta mada, mkulima wa mpunga, tambarare ya Kilimanjaro

Wakuu, salaam. Kwenye skimu zetu za umwagiliaji mfereji wa kuingiza maji una wenyewe. Ukizibika asubuhi, jioni watu wako pale na makoleo. Mtaro wa kutoa maji ndio yatima. Wa kwetu umeota matete yanayozidi kimo cha mtu, na kwenye kalvati la barabara mchanga umejaa hadi umebaki upenyo wa shubiri mbili hivi. Mvua za masika ya 2024 zilitukuta katika hali hiyo. Majaruba ya mkiani, kule mfereji unakoishia, yalituama maji mpaka mpunga uliokomaa ukalala, ukaanza kuota ukiwa bado kwenye masuke. Kombaini ilishindwa kuingia, watu wakavuna kwa mundu huku wamezama magotini.

Kikao kilipoitishwa, wa juu walisema mtaro haupiti kwao, basi walipe wanaofurika. Wa chini wakajibu kwamba maji yanayowafurikisha yametoka huko huko juu. Wengine wakataka tusubiri serikali.

Mimi nasema hivi: kila hekta ilipe sawa, iwe juu iwe mkiani, na fedha ya mtaro iwe na akaunti yake, isichanganywe na ada ya maji. Anayefungua jaruba likauke kabla ya kuvuna anautumia mtaro hata kama hauoni kutoka shambani kwake. Tuseme skimu ina hekta 200 na kazi ya kijiko, yaani mashine ya kuchimba, inagharimu shilingi milioni 12. Hiyo ni shilingi 60,000 kwa hekta, na kazi kubwa kama hiyo haifanywi kila mwaka. Anayepinga aje na hoja.

Mkulima wa juu, karibu na banio (pale maji ya mto yanapoingizwa mferejini)

Napinga. Shamba langu lina mteremko, likifunguliwa linakauka lenyewe siku hiyo hiyo. Ada ya maji nalipa, msaragambo, ile kazi ya pamoja, wa mfereji mkuu natoka. Sasa niambiwe nilipe sawa na mtu aliyenunua bondeni kwa bei nafuu akijua kabisa kwamba ni bonde? Bei ile ilikuwa ndogo kwa sababu ya maji kutuama. Mtaro ukizibuliwa shamba lake linapanda thamani, langu linabaki pale pale. Kama ni kulipa, tuwe na madaraja: anayefaidika zaidi atoe zaidi. Kulipa sawa kwa watu wasiofaidika sawa sikuoni kuwa ni haki.

Mama mwenye majaruba mawili mkiani

Kaka yangu wa juu, nakusikia, lakini njoo uone ardhi yangu wakati wa kiangazi. Ikikauka inatoka ukoko mweupe juu, ukitembea unavunjika chini ya nyayo. Hiyo ni chumvi na magadi. Maji yenu ya ziada yanashuka kwangu, hayana pa kwenda, jua linayanyonya, chumvi inabaki. Miche ninayopanda sehemu hiyo inageuka njano na kufa. Wakati wa ukame maji yananifikia mwisho, wakati wa mvua yananijia mimi kwanza. Na hilo bonde sikununua kwa bei nafuu. Niligawiwa skimu ilipoanzishwa, na ramani ilikuwa na mtaro pembeni ya shamba. Nilikabidhiwa shamba lenye mtaro, sikukabidhiwa bwawa.

Fundi sanifu wa umwagiliaji, mstaafu

Shikamooni wakubwa, vijana hamjambo. Mnagombania fedha kabla ya kuulizana kwa nini mtaro umezibika. Nimeona mitaro iliyozibuliwa kwa gharama kubwa ikajaa tena baada ya masika mawili tu, na sababu zilikuwa zile zile.

Ya kwanza ni ng'ombe. Wanavuka popote, kingo zinaporomoka. Wekeni kivuko kimoja cha mawe na mpige marufuku kwingine. Ya pili ni bustani. Watu wanapanda maharage na mboga juu ya ukingo, kila wakipalilia udongo unaingia mtaroni. Ya tatu ni kijiko chenyewe. Dereva anachimba kuta zimesimama wima ili amalize haraka, na tope analirundika ukingoni. Mvua ya kwanza tope linarudi lilikotoka, na ukuta unalifuata. Kwa udongo wa wastani, kila mita moja ya kina ukingo ulale kama mita moja na nusu. Tope lisogezwe mbali na kusambazwa. Na kazi ianzie chini kabisa, maji yanakotokea, ndipo mpande kwenda juu. Mkianzia juu mnawapelekea wa chini mafuriko.

Kuhusu "tusubiri serikali": Sheria ya Taifa ya Umwagiliaji ya 2013 iliunda Tume ya Taifa ya Umwagiliaji na Mfuko wa Maendeleo ya Umwagiliaji, kwa hiyo kazi kubwa zina mahali pa kuombewa. Lakini kufyeka matete ni kazi ya chama cha wamwagiliaji, hakuna mfuko utakaowatumia watu wa kuja kufyeka. Na lile kalvati liko chini ya barabara. Kama ni barabara ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, waandikieni barua yenye muhuri wa kijiji, mbaki na nakala.

Mkodi shamba

Mbona mnajadili kana kwamba sisi hatupo? Huku kwetu walimaji wengi tumekodi, tena kwa msimu mmoja mmoja. Mwenye shamba yuko mjini, anachojua ni kodi. Mkiweka 60,000 kwa hekta nitalipa mimi, msimu ujao shamba lenye mtaro safi atakodishwa mwingine kwa bei ya juu. Kufyeka na kuondoa tope jepesi nitatoka kwa jembe langu, hilo ni la msimu wangu. Kijiko ni mtaji wa mwenye ardhi.

Mkulima kutoka Kirinyaga, Kenya

Ndugu zangu wa Tanzania, hapa kwenye skimu ya mpunga ya Mwea tulipitia hayo. Mwaka 1998 wakulima walikataa kuendelea chini ya bodi ya umwagiliaji, wakaendesha skimu wenyewe kupitia ushirika mpaka 2003. Malalamiko yao yalikuwa ya haki, hasa kuhusu bei ya mpunga na kukosa sauti. Lakini mifereji na mitaro iliharibika miaka hiyo, maana mashine na hela za matengenezo hazikuwako. Baadaye kazi iligawanywa: mamlaka inashughulikia mifereji mikubwa, vikundi vya watumiaji maji vinashughulikia midogo ya mashambani. Ugomvi haujaisha, ila angalau ukiona mtaro umeziba unajua umpigie nani simu. Anzeni na mpaka wa kazi, halafu ndio mpige hesabu.

Mtanzania aishiye Uholanzi

Huku nchi nzima inategemea mitaro. Kuna mamlaka za maji zinazochaguliwa kwa kura kila miaka minne, na zinatoza kodi yao wenyewe. Kilichonivutia zaidi ni ukaguzi. Mwenye shamba linalopakana na mtaro mdogo anatakiwa awe ameusafisha kufikia majira ya vuli, kisha mkaguzi anapita. Asipousafisha, mamlaka inausafisha na bili inamfuata yeye. Nadhani hilo linawezekana hata kijijini: kamati itembee mtaro mzima kabla ya masika, iandike kila kipande na jina la mhusika.

Mleta mada

Nimewasoma wote. Hoja ya mkodi naichukua nzima: kufyeka ni kwa anayelima, kijiko ni kwa mwenye ardhi, na hilo liandikwe kwenye mkataba wa kukodi ili chama kijue kimdai nani. Ukaguzi kabla ya masika naupeleka kikaoni, pamoja na kivuko cha ng'ombe.

Kwenye madaraja, ndugu yangu wa banio, bado hujanishawishi. Nani atapima faida ya kila jaruba? Tutaleta mpimaji, tutamlipa, wa kati watakata rufaa kwamba wamewekwa daraja moja na wa mkiani, na masika itaingia tukiwa bado tunabishana. Tena banio lilipobomoka, watu wa mkiani walichangia sawa na wewe wakati maji yalikuwa yanawafikia kwa manati. Ukitaka madaraja kwenye mtaro, yakubali na kwenye banio, na huko daraja la juu utakuwa wewe.

Kinachonisumbua ni ukusanyaji. Nataka fedha ikatwe mpunga unapoingia ghalani, kwa sababu baada ya hapo kila mtu ana karo za watoto na madeni ya mbolea. Wenye vyama vinavyokata hivyo, naomba mweke hapa kifungu cha katiba yenu kilivyoandikwa, na mnamfanyaje anayeuza mpunga wake shambani bila kupita ghalani.