Tupeane uzoefu: Kununua gofu la nyumba Kanada ulikarabati, au kiwanja ujenge mwenyewe?

Fuoni_Hamilton
Assalaam aleikum na habari za jioni wadau. Jana nimepita mtaa mmoja hapa Hamilton, nikaona kibao cha kuuzwa mbele ya nyumba ya matofali mekundu, ya miaka ya 1920, paa limebonyea kama godoro la geto. Nikasimama kwenye theluji nikamkumbuka marehemu baba alivyojenga Fuoni: msingi mwaka huu, kuta mwakani, bati mpaka karafuu za Pemba ziuzwe. Miaka tisa.
Mke wangu anataka tulinunue hilo gofu tulifufue. Mimi nataka kiwanja nje ya mji nisimamishe changu. Ukaazi wa kudumu tunao, akiba dola 70,000. Yaliyowakuta tupeane uzoefu. Msiniletee video za mtandaoni, nataka waliotokwa na jasho.

Mzee_wa_Koleo
Naweka kambi hapa.

Kibonge_Mtaratibu
Kwani wageni hawajapigwa marufuku kununua nyumba huko?

Mama_Njegere
Soma kwanza mkuu. Marufuku ilianza Januari 2023 na imesogezwa hadi mwanzo wa 2027, lakini mwenye ukaazi wa kudumu haimhusu. Kasema anao.

Kibonge_Mtaratibu
Nimeuliza tu, mbona mkali.

Mama_Njegere
Samahani kaka, nimetoka zamu ya usiku. Ila hiyo "miaka ya 1920" imenishtua, maana na mimi nilinunua ya umri huo. Mkaguzi alipanda darini akashuka kimya. Nyaya za umeme zilikuwa za kale, zimeshikwa kwenye vigingi vya kauri, mbili mbili kama kamba za kuanikia nguo. Tukasema tutabadilisha taratibu, chumba kwa chumba, si ndivyo tulivyozoea? Kampuni ya kwanza ya bima ikakataa. Ya pili ikakataa. Na huku bila bima benki haikupi mkopo wa nyumba, basi. Ya tatu ikakubali kwa sharti nyaya zote ziwe zimetoka ndani ya siku 60.
Kuta za nyumba zile si za jipsamu. Ni vipande vyembamba vya mbao vimepigwa lipu juu yake, ukigonga msumari hapa lipu inadondoka kule. Kila waya uliotoka ulitoka na ukuta wake. Ndani ya ukuta wa kaskazini, badala ya pamba ya kuzuia baridi, tulikuta magazeti yaliyosokotwa. Umeme peke yake ulikula dola 17,000, na miezi mitatu tulilala watu wanne chumba kimoja, sahani tunaoshea bafuni.
Lakini leo sihami. Dirisha la mbele lina kioo cha rangi, asubuhi jua likipita mwanangu anacheza na ile nyekundu sakafuni.

Mzee_wa_Koleo
Hizo nyaya ni kweli kabisa. Na nyumba za katikati ya miaka ya 60 hadi 70 uliza kama nyaya ni za alumini. Za kuanzia 1978 hadi miaka ya 90 tazama mabomba ya plastiki ya kijivu. Yanapasuka, na bima nayo hawayapendi.

Ujiji_Winnipeg
Darini ukikuta vitu kama changarawe nyepesi zinazong'aa, usizichote kwa mkono. Zinaweza kuwa na asbesto. Mimi nilichota. Na mfuko nikabeba.

Mzee_wa_Koleo
😳

Thika_Alberta
Mimi nilijenga. Wacha niwaambie venye ilienda, kwa sababu kila mtu wa kwetu anadhani kujenga ni kutafuta fundi, mchanga na imani.
Kwanza makaratasi. Hapa Alberta mtu akitaka kujijengea anaomba idhini ya mjenzi-mwenyewe kabla ya kibali cha ujenzi. British Columbia unafanyishwa mtihani kabisa. Na usifikirie utajenga uuze haraka: Alberta ukitaka kuuza kabla ya miaka 10 bima ya nyumba mpya, ile ya kumlinda mnunuzi, inakungoja mlangoni.
Pili, benki haikupi pesa yote. Inatoa kwa hatua, na hatua ikishakwisha, si kabla. Msingi ukamilike, mtu aje aangalie, ndipo watoe. Sasa pesa ya kumaliza hiyo hatua inatoka wapi? Mfukoni mwako. Nilikaa wiki tano na shimo, nikiliangalia.
Tatu, na hii ndiyo ilinimaliza. Huku kuta zinasimama kwa mbao, katikati unajaza pamba, halafu unatandika nailoni ya kuzuia unyevu. Nikaitandika upande wa nje. Si kwetu mvua inatoka nje? Nikafunika na jipsamu kabla mkaguzi hajafika, nikipanga kumfurahisha na kazi safi. Akauliza nailoni iko wapi. Nikamwonyesha kwa fahari. Akanieleza, pole pole kama mwalimu wa nasari, kwamba huku maji yanatoka ndani: pumzi yako, chai yako, ugali wako unaochemka. Yakipenya ukutani yanakutana na baridi, yanaganda, msimu ukigeuka yanayeyuka, mbao zinaoza. Nailoni inakaa upande wa joto. Toa zote. Jipsamu 31, nilizihesabu nikizibandua.

Ujiji_Winnipeg
"Pole pole kama mwalimu wa nasari" 😂😂 Huyo mkaguzi namjua, alikuja na kwangu.

Kigamboni_Kwanza
Kwa heshima zote, nyinyi mmerogwa. Dola 70,000 unazipeleka kwenye gofu la mzungu la miaka mia? Kwa hela hiyo Kigamboni unapata nyumba, uzio, kisima, chenji inabaki. Jengeni kwenu kwanza.

Thika_Alberta
Watoto wangu watatu wanasoma hapa. Walale Kigamboni warudi asubuhi?

Dada_Pili
Nilijenga kwetu kwanza, Kigamboni_Kwanza. Nilimtumia kaka yangu hela miaka sita. Picha zilikuwa zinakuja kila mwezi, nzuri kweli. Nilipokwenda nikakuta nyumba imefika lenta, na nyumba ya picha ni ya jirani.

Kigamboni_Kwanza
Hilo ni la kaka yako, si la Kigamboni.

Dada_Pili
Sikutaja Kigamboni popote. Ni Chanika.

Babu_Kimanga
Jamani, mwenye mada kauliza kiwanja au gofu. Fuoni_Hamilton, kiwanja cha nje ya mji unakipenda kwa bei, lakini bomba la maji na la maji taka havijafika kule. Utachimba kisima, na mfumo wa maji taka utaombewa kibali, ardhi ipimwe kama inanyonya. Na msingi sharti ushuke chini ya pale ardhi inapogandia, huko kwenu kusini mwa Ontario kama mita 1.2, la sivyo maji ya ardhini yakiganda yanafura na kuinyanyua nyumba kama mkate unaoumuka. Ndiyo maana wenzetu wana besimenti: umeshachimba hivyo, heri uendelee upate na vyumba.

Mdigo_Baridi
Hilo neno besimenti limenitoa usingizini. Sijawahi kuandika humu, huwa nasoma tu.
Edmonton, Januari 2020. Besimenti yangu nilikuwa nimeijenga kwa mkono wangu majira mawili ya joto: vyumba viwili, choo, jiko dogo, nipangishe wanafunzi. Kibali sikuchukua. Nilijiambia ni ndani ya nyumba yangu, nani ataona.
Usiku wa Jumanne simu ikaingia kutoka Tanga, mama amefariki. Jumatano nikaruka. Ufunguo nikamwachia shemeji, kaka wa mke wangu, anakaa dakika kumi na tano tu. Nikamwambia ingia kila siku, shika ukuta, ukiona baridi nipigie. Akasema shemeji nenda kazike, hili niachie mimi.
Tukazika Pongwe. Nikakaa hadi arobaini ya mama ilipokaribia, jumla siku 34. Wiki ile ya katikati ya Januari Edmonton ilishuka chini ya hasi 35. Kila nikipiga, shemeji anasema nyumba iko salama.
Nilivyokuja kujua baadaye, bomba la nje la kutolea moshi wa tanuri la gesi, lile linalopasha nyumba joto, liliziba kwa barafu, tanuri likajizima lenyewe. Nyumba ikapoa. Bomba la jikoni linalopita ukuta wa nje likaganda, likapasuka. Maji yakashuka besimenti, na kwa kuwa ndani kumeshakuwa kama nje, yakaanza kuganda yanavyomwagika. Mfilipino wa nyumba ya pili ndiye aliyeona barafu inatoka kwenye dirisha la chini kama ulimi, akaita watu wa maji wayafunge kule barabarani.
Nilifika saa nne usiku na begi langu na zile halua mama mdogo alizonifungia. Nikafungua mlango, nikateleza. Sakafu ya jikoni ilikuwa kioo. Kandambili za marehemu, alizoziacha alipotutembelea, nilikuwa nimeziweka pale mlangoni sikutaka kuzitoa. Zilikuwa ndani ya barafu. Unaziona, huzigusi.
Bima walikuja na maswali mawili. La kwanza, ukiwa haupo zaidi ya siku nne wakati wa baridi, nani alikuwa anaingia, na lini? Shemeji akaandika kwamba alikuwa anapita kila siku. Wakamuuliza, ulikuwa unaingia? Akasema alikuwa anaangalia kutoka kwenye gari, taa ya barazani ilikuwa inawaka. La pili, kibali cha hii besimenti kiko wapi?
Sikulipwa hata senti. Dola 60,000 na ushee.

Dada_Pili
Ya Allah. Hizo kandambili 😭

Mzee_wa_Koleo
Shemeji aliangalia kutoka kwenye GARI?

Kibonge_Mtaratibu
Shemeji huyo bado anakanyaga kwako? Sikukuu anakula pilau?

Thika_Alberta
Kumtetea kidogo: hasi 35 mtu anafungua mlango wa gari mara moja tu kwa siku.

Mzee_wa_Koleo
Basi angesema ukweli! Angesema "sijaingia", mtu ampigie mwingine!

Kigamboni_Kwanza
Nilisema mimi. Kigamboni bomba haligandi.

Mama_Njegere
Kigamboni_Kwanza una roho gani? Na nyinyi wote mmerukia shemeji, hakuna aliyempa mwenzenu pole ya mama. Mdigo_Baridi, pole sana kaka. Mungu amrehemu.

Kibonge_Mtaratibu
Kweli. Pole sana mkuu. Tumekosa adabu.

Ujiji_Winnipeg
Pole ndugu. Huku mlango wangu mwenyewe uliganda, nikatokea dirishani kwenda kazini. Jirani akaita polisi.

Mdigo_Baridi
Ahsanteni. Shemeji ni mjomba wa wanangu, nifanye nini. Anakuja. Hatujalizungumza. Besimenti niliirudia upya 2022, mara hii kwa kibali, na madirisha makubwa ya kutokea mtu moto ukizuka, maana bila hayo chumba cha kulala chini hakikubaliwi. Alikuja kunisaidia kubeba jipsamu, bila kuitwa.

Babu_Kimanga
Ukisafiri funga koki kuu ya maji, fungua mabomba yote yamalizike. Dakika kumi.

Thika_Alberta
Na ununue kile kidude kinachopiga kelele maji yakimwagika, kinakutumia ujumbe kwenye simu.

Mzee_wa_Koleo
Au usisafiri.

Sheikh_Mtoto
Mbona hakuna anayegusa riba? Wengine hatuchukui mikopo hiyo. Kuna vyama vya ushirika vya Waislamu vya nyumba huku, na serikali kwenye bajeti ya 2024 ilisema inatazama mikopo ya halali.

Kibonge_Mtaratibu
"Inatazama." Nayo inaangalia kutoka kwenye gari.

Mzee_wa_Koleo
😂😂😂 nimemwaga chai

Babu_Kimanga
Kwa wanaochukua, pigeni hesabu. Nyumba ya 600,000, malipo ya awali ya chini kabisa: asilimia 5 ya 500,000 za mwanzo, asilimia 10 ya kinachozidi. Ni 25,000 na 10,000, jumla 35,000. Kwa hiyo 70,000 zako zinaonekana nyingi. Lakini chini ya asilimia 20 utalipia bima ya mkopo, kuna kodi ya kuhamisha umiliki, mwanasheria, mkaguzi. Na bei ya gofu ni ya kuingilia tu. Weka pembeni theluthi ya hizo hela usiziguse, hizo ndizo zitakazoliwa na ukuta wa kwanza.

Thika_Alberta
Theluthi? Weka nusu.

Dada_Pili
Mimi nasema nunua fleti ulale. Wenye fleti tunasoma uzi huu tumevaa soksi moja.

Mama_Njegere
Fleti nazo zina ada ya kila mwezi, na siku wakiamua kubadilisha paa mnachangishwa. Usimdanganye.

Ujiji_Winnipeg
Oa fundi bomba.

Fuoni_Hamilton
Nimeoa tayari, na anasoma hapa pembeni yangu. Wadau ahsanteni. Kiwanja nimekisogeza mbele, shimo la Thika_Alberta limenitisha. Jumamosi tunakwenda kuliona lile gofu na mkaguzi, mke wangu ameshaandika kwenye karatasi: nyaya, mabomba ya kijivu, changarawe za darini. Mrejesho nitaleta.

Kibonge_Mtaratibu
Jumamosi imepita mkuu. Mrejesho?

Fuoni_Hamilton
Paa tunaliweza, nyaya zilishabadilishwa 1998. Ila uani kuna kibomba kimechomoza ardhini, mkaguzi anasema huenda chini kuna tangi la zamani la mafuta ya kupashia nyumba joto, na benki haitasogea mpaka lichimbuliwe. Muuzaji anasema kile ni cha kumwagilia maua. Aliyewahi kukutana na tangi aseme.

Mdigo_Baridi
Shemeji yangu ameshawahi kulichimba moja. Nikutumie namba yake?

Mzee_wa_Koleo
Mwambie ashuke kwenye gari.