Kompyuta ya ofisi imejaa virusi, niweke Linux ipi?

Kutoka: Mama Rehema, Kampemba

Wanajumuiya wa Lubumbashi, hamjambo. Wakubwa shikamooni.

Naomba ushauri kuhusu laptop ya ofisini kwangu. Ni Dell Latitude E6430 ya mtumba, RAM 4GB, ina Windows 10 ya Kifaransa. Kila fleshi inayochomekwa, mafolda yote yanageuka shotikati. Ukibofya, kinatokea kidirisha cheusi halafu kinapotea. Sasa wateja wameanza kunirudia na fleshi zao, wanasema ugonjwa wameutoa kwangu. Fundi wa kwanza alipiga Windows upya, haikupita muda yakarudi yale yale. Fundi wa pili anasema Windows 11 haiingii kwenye mashine hii.

Kijana wangu aliyeko Dar ananiambia, "Mama, weka Linux," yaani mfumo mwingine badala ya Windows. Nikimuuliza ipi, ananimwagia majina chungu nzima. Mimi kazi yangu ni Word, Excel, WhatsApp ya kwenye kompyuta na kuprinti, basi. Nyaraka za wateja bado zimo humo humo, sijazitoa. Nisaidieni kabla sijamwita fundi wa tatu.

Kutoka: Juma wa Kasumbalesa

Dada, weka Ubuntu umalize maneno. Ipo tangu 2004, aliyeianzisha ni Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini hapo jirani, na ukikwama, majibu yake mtandaoni hayana idadi. Haya majina mengine ni mapambo.

Kutoka: Baba Zawadi, Bel-Air

Mama Rehema, pole na usumbufu. Juma hajakosea, ila Ubuntu ya kawaida ningempa mtu mwenye RAM 8GB. Kwenye 4GB itawaka, lakini ukifungua kivinjari chenye WhatsApp na jedwali kubwa kwa pamoja utaanza kuisubiri. Tena sura yake ni ngeni kwa mtu aliyezoea Windows, programu zimepangwa ubavuni kushoto. Wewe una wateja wamesimama mlangoni, hutaki kujifunza upya kitufe cha kuanzia kiko wapi.

Chukua Linux Mint, toleo la Xfce. Ndani yake ni Ubuntu hiyo hiyo, kwa hiyo hayo majibu anayoyasema Juma yanakufaa na wewe. Menyu iko chini kushoto, saa chini kulia, kama ulivyozoea. Mint huja na sura tatu: Cinnamon, MATE na Xfce. Cinnamon ndiyo inayopendeza zaidi, Xfce ndiyo nyepesi zaidi. Mfululizo wa 22 ulitoka 2024 na utapata marekebisho ya usalama hadi 2029. Windows 10 yako Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, na kuhusu Windows 11 fundi amekwambia kweli: inataka prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8, yako ni kizazi cha 3.

Zorin nayo ni nzuri, imetengenezwa Dublin mahsusi kwa wanaohama Windows. Kama ungekuwa na RAM zaidi ningekuachia uchague kwa macho. Puppy na antiX ni za mashine hoi, zile za RAM 1GB, yako haijafika huko. Na akitokea kijana akakwambia uweke Kali, mshukuru umpe soda. Kali ni ya watu wanaopima usalama wa mitandao, haikutengenezwa kwa kuandika barua za wateja.

Lakini kuchagua ndiyo sehemu rahisi. Mambo yanayoharibika huharibikia kwenye matayarisho.

Kwanza, fleshi ya kuinstolia usiitengeneze kwenye hiyo mashine inayoumwa. Tafuta kompyuta safi, ya rafiki au ya kwangu. Faili la Mint ni karibu 3GB, na kwa bei ya bando za hapa usilipakue mara mbili kwa uzembe. Ukishalipata, hakikisha ndilo lenyewe. Februari 2016 wezi waliingia kwenye tovuti ya Mint yenyewe wakaelekeza wapakuaji kwenye faili lenye mlango wa nyuma, wa kuwaingizia wezi kwenye kompyuta. Kwenye Windows unafungua kidirisha cha kuandikia amri, unaandika *certutil -hashfile*, jina la faili, kisha *SHA256*. Itakupa mstari mrefu wa herufi na tarakimu, ulinganishe na ule ulioandikwa kwenye ukurasa wa Mint. Vikitofautiana hata kwa herufi moja, futa. Kisha tumia programu ya Rufus au balenaEtcher kuliandika faili kwenye fleshi ya 8GB. Kulikopi tu hakusaidii, mashine haitawaka nalo.

Pili, usifute kitu bado. Chomeka fleshi, washa laptop huku unabonyeza F12, chagua USB. Mint itafunguka nzima kutoka kwenye fleshi bila kugusa diski yako. Hapo ndipo utakapofurahi. Fungua diski ya Windows na fleshi za wateja: mafolda unayodhani yamegeuka shotikati utayakuta yote yapo. Kirusi cha aina hiyo kwa kawaida hakiyafuti. Kinayapiga alama ya kufichwa ambayo Windows inaitii, halafu kinaweka shotikati yenye jina lile lile, na wewe ukiibofya ndiyo unakiamsha. Linux haijali alama hiyo, inakuonyesha kila kitu.

Kopi nyaraka na picha kwenye diski ya nje. Nyaraka na picha tu! Faili zenye mkia wa .exe, .lnk na .vbs ziache zifie humo humo. Nashuku ndivyo Windows yako ya kwanza ilivyougua tena: fundi alisafisha mashine, halafu akarudisha makorokoro yote kutoka kwenye fleshi ile ile. Ukikuta faili zimeongezwa mkia usioujua na hazifunguki hata kwenye Linux, hiyo ni habari nyingine, zimefungwa kwa funguo za majambazi na kubadili mfumo hakutazifungua. Kwa dalili ulizotaja sidhani kama umefika huko.

Ukiwa bado kwenye fleshi, jaribu Wi-Fi, sauti na printa. Baadhi ya Dell hizi zina kadi ya Wi-Fi ya Broadcom ambayo Mint haiitambui hadi uipe dereva, yaani programu ya kuiendesha. Ikiwa hivyo, chomeka simu yako kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti, kisha fungua kidhibiti cha madereva kiipakue chenyewe. Ukiridhika na yote, ndipo uinstoli na kufuta diski nzima.

Kutoka: Shemeji, Katuba

Yambo benu bote. Miye niko mutu wa hapa, bibi yangu ndiye mutu wa kwenu, njo mana niko mu liste hii.

Zile Dell mingi banaziletaka kutoka Bulaya, zaidi Ubelgiji. Klavye (kibodi) yake haiko sawa na ya Ufaransa. Muangalie alama ya @. Kama iko pa 2, ni ya Ubelgiji. Kama iko pa 0, ni ya Ufaransa. Wakati ya kuinstale, muchague ile yenyewe. Mukiacha ya Kingereza, unafinya A, machine inaandika Q, na modepase (neno la siri) haionekanake, ni nyota tu. Kesho unaandika modepase yako, inakatala. Pale pa kuchagua klavye kuko nafasi ya kujaribisha. Muandike paka pale kwanza.

Kutoka: Mama Rehema, Kampemba

Shemeji aksanti sana, @ yangu iko kwenye 2.

Baba Zawadi, maswali mawili. Printa yangu ni Canon LBP2900. Na je, ile kompyuta nyingine tunayofanyia deklarasyo za forodha nayo niihamishe?

Kutoka: Baba Zawadi, Bel-Air

Ya deklarasyo iache kwenye Windows. Sydonia World, mfumo wa DGDA, idara ya forodha, imetengenezwa na UNCTAD, shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo, kwa lugha ya programu ya Java, na Java kwa asili haibagui mfumo, lakini mpaka mtu wa DGDA au wakala mwenzio akuhakikishie kwamba anaifanyia kazi kwenye Linux, mizigo ya watu si ya kufanyia majaribio. Piga marufuku tu fleshi za wateja kuchomekwa humo. Wanaokuja na fleshi wote wapitie kwenye hii ya Mint, kirusi cha .exe hakitaamka humo. Kijana asije tu akakuwekea Wine, maana hiyo ndiyo inayofanya programu za Windows zifunguke kwenye Linux. Kumbuka pia kwamba faili chafu linaweza kupita kwako salama likamwumize anayefuata, kwa hiyo weka ClamAV, programu ya kusaka virusi, ukague kabla hujamrudishia mteja fleshi yake.

LBP2900 ni mkorofi. Inatumia lugha ya Canon inayoitwa CAPT, dereva ya Linux ipo ila inahitaji uvumilivu. Printa nyingi za HP zinaingia bila maneno. Kama unaweza kubadilishana na mtu wa ofisi nyingine, badilishaneni. Ikishindikana, printia kwenye ile ya deklarasyo, ila kazi zipelekwe kwa mtandao wa ofisini, si kwa fleshi.

Word na Excel utatumia LibreOffice, inafungua faili zile zile na hata kamusi ya kusahihisha tahajia ya Kiswahili inayo. Jedwali zenye makro, zile amri zinazojiendesha zenyewe, huenda zikagoma, kwa hiyo zijaribu mapema. WhatsApp ni ya kwenye kivinjari, utaskani kwa simu kama sasa.

Jumamosi asubuhi niko nyumbani. Njoo na laptop, diski ya nje, na chaja yake, tena betri iwe imejaa kabla hujatoka kwako, maana SNEL wakikata umeme katikati ya kuinstoli tutaanza upya.

Kutoka: Juma wa Kasumbalesa

Na mimi nakuja na yangu. Ina Ubuntu, lakini hiyo Xfce nataka kuiona.