Mkwe wangu Mmarekani anataka tubishane siasa, mimi nimelelewa nisimbishie mkwe. Nifanyeje?

Mgogo wa Omaha:

Habari za humu wakuu.

Wenye utani wacheke kidogo, halafu wanisaidie.

Mimi ni mtu wa Kibaigwa, Kongwa. Niko Omaha, Nebraska, huu mwaka wa tisa. Nimeoa huku, tuna mtoto mmoja, uraia nimepata 2023. Mke wangu ni binti wa mkulima wa mahindi nje kidogo ya North Platte, mwendo wa saa nne kwa gari kuelekea magharibi. Mzee ni mtu mwema sana. Siku ninaapa uraia alivaa suti ambayo mke wangu anasema aliiona mara ya mwisho msibani, akanipa zawadi ya kisu cha mfukoni. Tatizo ni moja tu: anapenda ubishi wa siasa kama wazee wetu wanavyopenda bao.

Kwa asiyejua, rais wa Marekani hapatikani kwa kujumlisha kura za nchi nzima. Kila jimbo lina wajumbe wake wa uchaguzi, jumla 538, anayefikisha 270 kashinda. Karibu kila mahali anayeongoza jimboni anabeba wote. Tunaogawa ni sisi na Maine tu. Nebraska tuna wajumbe watano: wawili wa aliyeongoza jimbo zima, na mmoja mmoja kwa kila kanda ya ubunge, ziko tatu. Jimbo ni la Republican, chama cha Trump, rangi yao nyekundu, miaka na miaka, ila kanda ya Omaha ilimpa Obama wa Democrat, rangi yao bluu, mjumbe wake 2008, ikampa Biden 2020, na 2024 ikampa Harris.

Basi 2024 hiyo watu wa Omaha wakaanza kusimika uani mabango meupe yenye doa la bluu katikati, hata neno moja hakuna. Na mimi nikasimika. Oktoba mzee akaja kuangalia mpira wa Huskers, timu ya chuo kikuu cha Nebraska, kwetu. Akaliangalia lile bango, hakusema kitu. Akaenda gereji, akarudi na mfuniko mwekundu wa ndoo ya rangi, akaubandika kwa utepe pembeni ya doa langu. "Sasa uwanja una usawa," akasema. Tulicheka mpaka jirani akatoka nje.

Nikajua tumemaliza. Kumbe bado. Novemba, Alhamisi ya Shukrani, tuko mezani kwake, watu kumi na wawili, akaniuliza: California ina wajumbe 54 na haimpi Republican hata mmoja, ingawa 2020 watu zaidi ya milioni sita kule walimpigia Trump, ambao ni mara tatu ya watu wote wa Nebraska, na vichanga humo humo. Kwa nini sisi wadogo tugawe chetu? Wakuu, jibu nilikuwa nalo. Lakini nikaangalia sahani, nikasema, "Una hoja, mzee." Akauliza tena kwa namna nyingine. Nikasema ni kweli. Mara ya tatu akaweka uma chini, akamgeukia shemeji yangu wakaongea bei ya mbolea.

Kwenye gari mke wangu analia. Anasema baba yake anaona namdharau. Eti kwao kumbishia mtu ni kumwona ana akili, na ukimwitikia tu unamfanya mtoto.

Sasa jamani, baba yangu mpaka leo akiona mkwe wake anakuja njiani, anahama njia. Kula naye sinia moja ni kwa mahesabu. Halafu huyu anataka nimwite kwa jina lake la kwanza! Ulimi unakataa. Namwita "mzee" kwa Kiswahili, anafurahi, nadhani anafikiri ni cheo.

Tarehe 4 Julai, sikukuu ya uhuru wa huku, tunakwenda tena, siku tatu. Nifanyeje?

Kiroboto wa Buza:

Yaani umepata mkwe anayekuomba umbishie, halafu unaomba ushauri? Wangu hata salamu haitikii. Tubadilishane.

Bi Mkubwa wa Tanga:

Mwanangu, mimi nimeolewa huku Pennsylvania, wakwe zangu wamenikuta na ushungi wangu na adabu zangu zote za kwetu. Nilikaa kimya miaka mitatu. Mama mkwe akaja kuniambia siku moja tunaosha vyombo, "Nilidhani hunipendi." Miaka mitatu, kwa sababu ya adabu! Huku mtu akinyamaza wanajaza wenyewe kile unachofikiri, na hawajazi kitu kizuri.

Lakini usibishane naye mezani. Pale ana hadhira, na wewe una watoto wa watu kumi wanakuangalia. Mfuate shambani au gereji, mkono uwe na kazi. Mwanaume wa Kimarekani wa umri huo huongea vizuri akiwa haangaliani na mtu usoni. Umpe spana moja moja huku mnabishana.

Na hilo la "mzee" usiliache, ni zuri. Umemwamkia kwa lugha yako, adabu umeshatoa. Kilichobaki ni maongezi.

Mpemba wa Muscat:

Mkuu, hoja unayo nyumbani, huna haja ya kukopa ya televisheni ya Marekani.

Mweleze kuhusu Zanzibar. Sensa ya 2022 watu wetu hawafiki milioni mbili, katika nchi ya watu karibu milioni 62. Lakini bungeni Dodoma tuna majimbo 50. Dar peke yake ina watu zaidi ya milioni tano na majimbo yake hayafiki 15. Mtu wa Mbagala akisikia hivyo anasema anaonewa. Mimi wa Pemba nasema bila hivyo sisi tungemezwa, tukawa mtaa wa Dar. Wote tuna haki, na ubishi huo tumebishana tangu Muungano, barazani, kahawa mkononi, na bado tunaozeshana.

Mkwe wako ataelewa papo hapo, kwa sababu ndio hadithi ya Wyoming: watu hawafiki laki sita, maseneta wawili, sawa na California ya watu karibu milioni 39. Atakwambia "ni haki mdogo alindwe." Hapo ndipo umuulize: na Omaha ndani ya Nebraska, si mdogo naye?

Mgogo wa Omaha:

Mpemba, hiyo ya mwisho imenikaa. Omaha ni jiji kubwa la jimbo lakini kisiasa ndio tuko peke yetu.

Otero wa Kitengela:

Boss, wacha nikuambie kitu, huyo mzee swali lake si baya. Wengi hapa mnataka kumshinda kabla ya kumsikiza. Akisema kila jimbo linabeba zote isipokuwa nyinyi na Maine, hapo amesema ukweli. Ukifanya haki peke yako kwa mchezo ambao wengine karibu wote hawafanyi, unapunjwa.

Sasa badala ya kumpinga, muulize hivi: California wakiamua kugawa kama Nebraska, atakubali? Akisema ndio, nyinyi mnataka kitu kimoja, mnagombana tu nani aanze. Akisema hapana, basi tatizo lake si haki, ni timu. Na hapo mnaweza kucheka, kwa sababu hata wewe, kubali tu, ungekuwa unapenda hiyo doa kama ingekuwa nyekundu?

Sisi Kenya rais lazima apate nusu ya kura na moja zaidi, na juu ya hiyo apate asilimia 25 kwa angalau kaunti 24 kati ya 47. Si kila nchi inahesabu vichwa tu. Kila mtu anaogopa kabila fulani, ama jiji fulani.

Mrundi wa Lewiston:

Nimewasoma wote. Mimi niko Maine, kwa hiyo mkwe wako ningependa kumjua. Huku ni kinyume chenu: jimbo zima lilimpa Harris, ila kanda ya pili, ambayo Lewiston imo, ilimpa Trump mjumbe mmoja, kama 2016 na 2020. Huku wanaotaka mgawanyo ufutwe ni wale wa bluu, na wanaoutetea ni wekundu. Maneno ni yale yale ya mkwe wako, vinywa tu vimebadilishana. Mwambie hilo, litamfurahisha au litamkasirisha, vyote vizuri.

Ila nina neno lingine. Mnaongea ubishi wa kirafiki kana kwamba ni karata. Juni 2025 serikali ya Trump ilituweka Burundi kwenye orodha ya nchi ambazo watu wake wamewekewa vizuizi vya viza. Mimi nilikuwa namsubiri mdogo wangu aje kusoma. Jirani yangu hapa, mzungu mwema, aliyenisaidia kusukuma gari kwenye theluji, ameipigia kura serikali hiyo. Alikuja kuniuliza, kwa utani, "Haya, unasema nini kuhusu habari za wiki hii?" Sikuweza kutania naye. Nilimwambia jina la mdogo wangu na kozi aliyopata. Akakaa kimya, kisha akasema hakujua. Hatukumaliza hiyo kitu, na bado tunasalimiana.

Wewe Mgogo una pasipoti ya Marekani. Bisha, furahi. Lakini ujue kuna siku swali litakuja ambalo si la mezani.

Bi Mkubwa wa Tanga:

Pole sana mwanangu wa Lewiston. Mungu amfungulie mdogo wako.

Kiroboto wa Buza:

Pole kaka. Nafuta utani wangu wa juu.

Fundi Waya:

Mleta mada, niko Lincoln, nafanya kazi za umeme. Nakupa silaha moja, uitumie kwa upole.

Mkwe wako bila shaka anasema serikali isiingie kwenye biashara. Muulize umeme wake unatoka kwa nani. Nebraska ni jimbo pekee Marekani ambalo umeme wote unaletwa na mashirika ya umma, manispaa na ushirika. Kampuni binafsi ya kuuzia watu umeme haipo. Wakurugenzi wa zile wilaya za umeme tunawapigia kura kama madiwani. Jimbo jekundu kabisa, na kwenye umeme ni TANESCO mtupu, ila hii wenyewe wanaisifu.

Na bunge la jimbo pia: nyumba moja tu, maseneta 49, na kwenye karatasi ya kura chama hakiandikwi. Ni Nebraska peke yake, tangu 1937. Ndiyo maana 2024 mpango wa kufuta mgawanyo wa wajumbe, yaani doa lenu, ulikwama. Zilihitajika kura 33, na seneta Mike McDonnell, aliyekuwa amehamia Republican miezi michache tu nyuma, akakataa. 2025 wakaurudisha, Aprili ukakwama tena.

Onyo: bima ya mazao usiiguse. Serikali kuu inawalipia wakulima zaidi ya nusu ya ada, na wanajua kuwa tunajua.

Mgogo wa Omaha:

MREJESHO. Tumerudi jana usiku.

Siku ya kwanza sikusema kitu, niliogopa. Asubuhi ya tarehe 4 akaniita tukaangalie mahindi. Wana msemo wao kwamba mahindi yakifika magotini siku hii basi mwaka ni mzuri; yake yalinifika begani. Akaniuliza ya Kibaigwa yakoje. Nikamwambia yetu ni meupe, na ya njano kama yake wazee wetu waliyala miaka ya njaa, yakaitwa yanga, na wengine hawataki kuyaona mpaka leo. Akasema, "Ungesema hivyo miaka yote hii, ningekuuzia mengine." Alicheka peke yake muda mrefu.

Tumesimama kwenye lile bomba refu la kumwagilia, lina magurudumu, linazunguka shamba taratibu kama mshale wa saa. Nikakumbuka Fundi Waya. Nikauliza linaendeshwa na nini. Umeme. Umeme wa nani? Akaniangalia. Alijua ninakokwenda.

"Si wa serikali," akasema. "Ni wetu."

Nikacheka. Akauliza nacheka nini. Basi nikaanza, wakuu. Mkono ulikuwa unatetemeka nimeshika spana (Bi Mkubwa, nilimpa spana), lakini nikasema yote: umeme, Zanzibar, Wyoming, Maine. Lile la Otero la California alilifikiria sana. Akasema angekubali California wagawe, "ila waanze wao." Nikasema sisi tumeshaanza tangu uchaguzi wa 1992, mnataka kurudi nyuma. Akasema ndiyo, mpaka wengine waje. Hapo hatukuelewana, na naona hatutaelewana. Nikakubali pia kwamba bango langu nililipenda kwa sababu ya rangi yake.

Kosa nililifanya mchana. Kichwa kilishavimba, nikaigusa bima ya mazao. Akawa mwekundu, akanieleza mwaka ambao mvua ya mawe ilifagia shamba lote kwa dakika kumi, mke wangu akiwa darasa la pili, na jinsi alivyokaa kwenye gari hajui aingie ndani aseme nini. Nikaomba radhi. Akasema usiombe radhi, hoja yako ni ya kweli, ila ujue kilicho ndani yake. Nikamkumbuka Mrundi wa Lewiston. Jioni, fataki zinapigwa, nikamsimulia habari ya mdogo wake bila kutaja jina. Hakubisha. Aliuliza alikuwa anakwenda kusomea nini.

Mke wangu anasema mama yake amelalamika tulipiga kelele mpaka chakula kikapoa. Anasema baba yake aliondoka mezani anapiga mluzi.

Leo asubuhi nimepata meseji yake. Sio salamu wala nini. "Hao Zanzibar, wana maseneta wangapi?"

Mpemba, njoo unijibie.