Kuku wa mayai na soya ya GMO: naombeni ushauri wakuu

MfugajiMpole
Habari za jioni wakuu. Nafuga kuku wa mayai huku Chanika, si mfugaji mkubwa. Chakula nachanganya mwenyewe: mahindi ya kuparaza, pumba, mashudu ya alizeti, dagaa, chokaa na premiksi. Mashudu yamepanda, dagaa ndio usiseme. Sasa kuna mtu kaniletea ofa ya soya iliyokamuliwa kutoka nje, bei inavutia, ila kaniambia wazi kuwa ni ya GMO, yaani ya mbegu iliyobadilishwa vinasaba. Usingizi sipati. Kuku akila hiyo, mlaji wa yai anadhurika? Wenye uelewa nisaidieni, matusi hapana.

BabaKuku wa Goba
Mkuu kwanza kideri umechanja? Mimi nilianza na broila, gumboro ikafyeka banda lote. Mke wangu hadi leo akiona kifaranga ananuna. Soya ni tatizo dogo sana hilo.

MamaTabata
Bibi zetu walikula kuku wa kienyeji wakazeeka na meno yao. Leo mnatulisha madude ya maabara halafu mnauliza kansa zinatoka wapi. Mwogopeni Mungu.

Daktari wa Ng'ombe
MamaTabata, shikamoo, lakini soya na mahindi ya GMO yanalishwa mifugo tangu 1996. Mwaka 2014 Alison Van Eenennaam wa Chuo Kikuu cha California, Davis, na mwenzake walipitia takwimu za mifugo ya Marekani, wanyama zaidi ya bilioni 100, kabla na baada ya chakula hicho kuingia. Afya ya mifugo haikuyumba. Zile picha za panya wenye mavimbe mnazorushiana ni za utafiti wa Séralini, Ufaransa, 2012. Kila kundi panya 10, tena wa jamii ambayo ikizeeka huota uvimbe hata ikila chakula cha kawaida. Jarida liliufuta 2013, akauchapisha kwingine 2014.
Kinachonitisha mimi ni sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye nafaka. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu walikufa kwa kula nafaka yenye sumu hiyo. Kuku naye inamla ini, utagaji unashuka. Mleta uzi, mahindi yako umeyakagua?

Kijana wa Sinza
Dokta umesahau kiuagugu. Soya nyingi ya GMO imetengenezwa ivumilie dawa ya magugu iitwayo glaifosati, na 2015 shirika la utafiti wa saratani la WHO liliiweka dawa hiyo kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani.

Daktari wa Ng'ombe
Kweli, na mwaka huohuo mamlaka ya chakula ya Ulaya ikasema haielekei kusababisha. Hapo ubishani upo, sikatai. Ila huo ni ubishani wa dawa ya shambani.

Mzee wa Hoja
Mbona kuna kitu hakijakaa sawa. Mtu akipata chakula cha bei rahisi analala fofofo. Wewe hulali kwa nini? Mayai unamuuzia nani?

MfugajiMpole
Wateja wa kawaida tu mkuu. Mtaani, na wachache wa Masaki.

Mzee wa Hoja
Wenye pesa zao wa Masaki wanafuata nini Chanika?

MfugajiMpole
Sawa. Trei zangu zina stika: "Mayai ya asili, kuku wetu hawali GMO." Ndiyo maana nauza juu ya bei ya soko. Na hiyo soya nimeshalipia nusu. Lakini msinielewe vibaya, dokta hapo juu kasema haina shida, sasa nitakuwa nimemdanganya nani? Halafu soya ni sehemu ndogo tu ya mchanganyiko, mahindi ni ya Songea kabisa.

Mzee wa Hoja
Wamelipia hiyo stika, kaka. Kama wangetaka maoni ya dokta wangemlipa dokta.

Chizi Fresh
Ongezea tu: "hawali GMO wakiwa wamelala." 😂

MamaTabata
Nilijua tu! Kenya walipiga marufuku 2012, wakaondoa 2022 kwa tamaa. Sisi 2021 serikali ilisitisha hadi majaribio ya mbegu, wewe unaingiza kwa mlango wa nyuma.

Mtu wa Kariakoo
Wazee mnakunywa chai ya moto. Muuzaji gani wa Dar atakuambia kwa hiari yake kuwa mzigo wake ni GMO? Gunia likilowa tu anasema umande. Akaunti ya huyu ina siku ngapi? Leta picha ya gunia.

MfugajiMpole
Picha siwezi, jina la muuzaji limeandikwa juu.

Mtu wa Kariakoo
Lizibe kwa kidole.

Chizi Fresh
Jukwaa la biashara kuna uzi wa jana, mtu anauza soya iliyokamuliwa. Mwisho kaandika "matusi hapana". Mnaona ninachokiona?

MfugajiMpole
Hayo maneno kila mtu anaandika. Nimekuja kuomba ushauri, mnanifanya mtuhumiwa.

Daktari wa Ng'ombe
Awe mfugaji, awe muuza soya, swali la mahindi halijajibiwa.

BabaKuku wa Goba
Kama ndiye wewe wa ule uzi, njoo inbox tupatane, nachukua magunia mawili. Mimi stika sina.